Wazazi wakiachana: jinsi mahakama inavyoamua mtoto akae na nani, na namna ya kujiandaa

Wazazi wengi huingia mahakamani na swali moja kifuani: nani kati yetu ndiye mkosaji? Wamebeba ushahidi wa usaliti, matusi, madeni yaliyofichwa na simu za usiku wa manane. Hakimu anayesikiliza shauri la mtoto ana maswali mengine kabisa. Anataka kujua mtoto huyu atalala wapi, nani atamwamsha, nani atakesha naye akipata homa, na kama yule mzazi mwingine ataachiwa nafasi ya kuendelea kuwa mzazi. Ukilielewa hilo mapema, nusu ya maandalizi yako imekwisha.

Mwongozo huu unafuata mkondo wa shauri tangu mnapoanza kutengana hadi amri inapotoka. Majina ya hati, umri unaotajwa na aina ya mahakama hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo tumia haya kujipanga, kisha muone wakili au kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nawe.

Hatua ya 1: Tenganisha mambo manne

Watu husema "kupewa mtoto" kana kwamba ni jambo moja. Mahakama inayaona manne, na kila moja laweza kupata jibu lake.

Kuna makazi, yaani mtoto ataishi na nani siku nyingi. Kuna mamlaka ya maamuzi makubwa: shule, upasuaji, pasipoti, kuhama nchi. Katika nchi nyingi mzazi asiyeishi na mtoto hapotezi mamlaka hayo kwa sababu tu ndoa imevunjika, na daktari au mwalimu mkuu bado anapaswa kumtambua. Kuna muda wa mtoto kuwa na mzazi asiyeishi naye: wikendi, likizo, simu za jioni. Na kuna matunzo, yaani fedha za chakula, mavazi, matibabu na ada.

Ukitaka kujua kwa nini mashauri mengi hugeuka vita, tazama hayo mawili ya mwisho. Baba haruhusiwi kumwona mtoto, naye anasimamisha fedha. Mama hapati fedha, naye anafunga mlango. Mbele ya sheria hayo mawili hayafungwi pamoja, kwa kuwa yote mawili ni haki za mtoto mwenyewe. Mzazi anayemnyima mtoto moja ili kulipiza la pili anamwadhibu asiyehusika, na anajichafua mbele ya hakimu. Kama fedha haziji, omba amri ya matunzo itekelezwe. Kama unanyimwa kumwona mtoto, endelea kulipa, tunza risiti, na omba amri ya kumwona.

Hatua ya 2: Jua kipimo kinachotumika

Kipimo ni maslahi bora ya mtoto. Kimeandikwa katika kifungu cha 3 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na karibu kila nchi imekiweka katika sheria zake kwa maneno yanayofanana. Nchini Uingereza, sheria ya watoto ya mwaka huohuo wa 1989 inamwekea jaji orodha ya mambo ya kupima: matakwa ya mtoto kulingana na umri na uelewa wake, mahitaji yake ya mwili, hisia na elimu, athari ya kubadilishiwa mazingira, madhara aliyopata au anayoweza kupata, na uwezo wa kila mzazi kuyakidhi hayo. Nchi nyingine zina orodha ndefu au fupi zaidi, lakini kiini hakibadiliki sana. Nyingi huongeza swali la ndugu: watoto wa familia moja hawatenganishwi bila sababu nzito.

Jambo moja huwashangaza wazazi wengi. Majaji hutazama sana ni mzazi yupi atalinda uhusiano wa mtoto na mzazi mwenzake. Kifungu cha 9 cha mkataba ule kinampa mtoto haki ya kuwasiliana mara kwa mara na wazazi wote wawili, isipokuwa mawasiliano hayo yakimdhuru. Mzazi anayesema "simtaki hata alisikie jina lake" bila sababu ya usalama anatoa hoja dhidi ya nafsi yake.

Hapa kuna imani kadhaa zinazopaswa kuachwa mlangoni. Ya kwanza ni kwamba mama hushinda siku zote. Historia inaeleza imani hii ilikotoka. Zamani sheria ya Uingereza ilimpa baba karibu mamlaka yote juu ya watoto. Mwaka 1839, baada ya kampeni ya Caroline Norton, aliyenyimwa wanawe na mumewe, Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu mama kuomba kukaa na watoto walio chini ya miaka 7. Umri huo haujapotea. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inaanza na dhana kwamba ni vema mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama. Ila dhana hiyo yaweza kupinduliwa kwa ushahidi, na sheria yenyewe inaitaka mahakama izingatie ubaya wa kumsumbua mtoto kwa kumhamishahamisha. Katika fikihi ya Kiislamu, ambayo mahakama za kadhi huitumia, hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, huanza kwa mama, na madhehebu hutofautiana kuhusu umri inapokoma. Kwa hiyo umri una uzito, lakini hauamui peke yake.

Imani ya pili ni kwamba mwenye kipato kikubwa ndiye humchukua mtoto. Fedha ndiyo maana ya kuwapo amri ya matunzo: mzazi mwenye nacho huamriwa kuchangia nyumba anakoishi mtoto. Ya tatu ni kwamba aliyevunja ndoa hupoteza watoto. Mtu anaweza kuwa mume mbaya na bado akawa baba anayetegemewa, na kadhalika kwa mke. Mwenendo wa mzazi huingia katika mizani pale unapomgusa mtoto: ulevi unaomwacha mtoto bila mwangalizi, ugomvi anaoushuhudia, mpenzi mpya mwenye rekodi ya kudhuru watoto.

Hatua ya 3: Usivuruge maisha ya mtoto kabla shauri halijasikilizwa

Wiki za mwanzo za kutengana ndizo zenye hatari kubwa ya kuharibu mambo. Mahakama husita kumng'oa mtoto aliyekwisha kutulia, hivyo mpangilio wa muda una tabia ya kugeuka wa kudumu. Ukiondoka nyumbani na kumwacha mtoto miezi mingi bila kumtembelea wala kuomba lolote mahakamani, utakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwa nini sasa ahamishwe. Na ukimchukua kwa siri na kumficha, utaonekana mtu asiyejali utulivu wake.

Kuvuka mpaka na mtoto bila ridhaa ni kosa zito zaidi. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unazitaka nchi wanachama kumrudisha upesi mtoto wa chini ya miaka 16 aliyeondolewa isivyo halali katika nchi anakoishi, ili mahakama za huko ndizo ziamue. Maombi yakifikishwa ndani ya mwaka mmoja, kurudishwa ndiyo kanuni, na milango ya kukataa ni michache, kama vile hatari kubwa kwa mtoto mwenyewe. Ikiwa una hofu kwamba mwenzako anapanga kuondoka na mtoto, usingoje: omba amri ya haraka ya kuzuia safari na kushikilia pasipoti.

Hatua ya 4: Jaribuni kukubaliana, ila pasipokuwa na hofu

Mpango mlioutengeneza wenyewe hudumu kuliko ule mlioletewa. Nyinyi ndio mnaojua kwamba mtoto halali bila taa, au kwamba Jumatano ana mazoezi hadi jioni. Hakimu hajui. Usuluhishi upo karibu kila mahali, ama ndani ya mahakama, ama kwa maofisa wa ustawi wa jamii, viongozi wa dini au wazee wa familia.

Andikeni mambo madogo. "Baba atamwona mtoto wikendi" ni sentensi itakayozaa ugomvi mwezi ujao. Andikeni: Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kumi na moja jioni, kila baada ya wiki moja, anachukuliwa shuleni, anarudishwa nyumbani, akiugua, mzazi aliye naye humpigia mwenzake siku hiyohiyo, likizo ndefu inagawanywa nusu kwa nusu, na aliyekaa naye nusu ya kwanza mwaka huu anachukua ya pili mwaka ujao. Kisha pelekeni makubaliano hayo mahakamani yawe amri. Karatasi mliyosaini mezani bila kuifikisha mahakamani ni vigumu kuitekeleza mmoja akibadili nia.

Kama umepigwa, umetishwa, au unamwogopa mwenzako, ruka hatua hii bila kujilaumu. Usuluhishi unataka watu wawili wanaoweza kusema "hapana" wakiwa salama. Ripoti polisi, nenda hospitali upate maandishi ya majeraha, omba amri ya ulinzi, na mweleze wakili tangu siku ya kwanza. Mahakama ina njia za kati pia: mtoto kuonana na mzazi mbele ya msimamizi, au kukabidhiwa na mtu wa tatu ili wazazi wasikutane.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi wa maisha ya kila siku

Hapa ndipo mashauri mengi yanaposhindwa au kushinda. Kila mzazi atasema anampenda mtoto, na hakimu atawaamini wote wawili. Kinachowatofautisha ni vitu vidogo vinavyoonyesha nani amekuwa akifanya kazi ya malezi.

Jiulize maswali ambayo wakili wa upande wa pili anaweza kukuuliza ukiwa kizimbani. Mwalimu wa darasa la mwanao anaitwa nani? Chanjo ya mwisho alipata lini? Anavaa viatu namba ngapi sasa hivi? Rafiki yake wa karibu ni nani, na wamekosana kwa nini wiki hii? Dawa gani haipatani naye? Nimeyachagua makusudi maswali ya viatu na marafiki, kwa sababu hayajibiki kwa kukariri usiku mmoja. Ukikuta majibu hayaji, anza leo kuwa karibu na mtoto. Hilo litamsaidia yeye kwanza, kabla ya kulisaidia shauri lako.

Kisha kusanya karatasi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ripoti za shule, barua za mwalimu, risiti za ada na matibabu, picha za mahali mtoto anapolala na kusomea. Ujumbe wa simu kati yenu utunzwe wote, hata ule unaokuumbua, maana ukitoa vipande, upande wa pili utaleta vilivyobaki. Weka daftari la tarehe: nani alimpeleka shule, nani alikuja kumwona, nani aliahidi asifike. Andika kama karani anavyoandika, bila kuongeza hukumu. "Tarehe 4, alipaswa kuja saa nne, hakufika, hakupiga simu" ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa lawama.

Mashahidi wazuri ni wale wasio na upande. Mwalimu aliyeona nani huja kwenye vikao vya wazazi, muuguzi, jirani anayemwona mtoto kila siku. Mama yako mzazi anaweza kusema ukweli mtupu, lakini kila mtu chumbani anajua anamtakia nani ushindi.

Yapo mambo ya kutofanya kabisa. Usimrekodi mtoto akimsema vibaya mzazi wake. Usimtume kupekua simu wala kupeleleza nyumba ya pili. Usiandike kuhusu mwenzako mitandaoni. Maandishi hayo hupigwa picha na kuletwa mahakamani. Na usizushe tuhuma ya udhalilishaji. Ikiwa ni ya kweli, ripoti mara moja kwa polisi na ustawi wa jamii. Ikiwa ni ya kubuni, itamfanya mtoto ahojiwe na kupimwa kwa jambo ambalo halikutokea, na itakufuata wewe hadi mwisho wa shauri.

Hatua ya 6: Fungua maombi, na omba amri ya muda kama kuna haja

Hati ya maombi na kiapo chake hueleza wazazi ni nani, mtoto anaishi wapi sasa, unaomba nini katika yale mambo manne, na kwa nini mpango huo unamfaa mtoto. Kuwa mfupi. Talaka ikichukua muda mrefu, usisubiri iishe: mahakama huweza kutoa amri ya muda kuhusu makazi, matunzo na kumwona mtoto wakati shauri linaendelea. Sheria ile ya watoto ya Uingereza ya mwaka 1989 inasema wazi kwamba ucheleweshaji wenyewe huelekea kumdhuru mtoto, na hoja hiyo inafaa kutolewa popote pale mwenzako anapoomba kuahirisha kila tarehe.

Hatua ya 7: Mpokee afisa ustawi wa jamii bila maigizo

Mara nyingi mahakama humwagiza afisa ustawi wa jamii, au mtaalamu mwingine wa watoto, kuchunguza na kuandika taarifa. Atatembelea nyumba zote mbili, ataongea na wazazi, na mtoto, pengine na shule. Hakimu halazimiki kuifuata taarifa hiyo, lakini akienda kinyume nayo hutarajiwa kutoa sababu, kwa hiyo ina uzito mkubwa.

Wazazi hupaka rangi ukuta na kununua vitu vipya siku moja kabla. Afisa mzoefu ataangalia mambo mengine: mtoto anajua mswaki wake uko wapi? Anakwenda kwa nani akijigonga? Anauliza kwanza kabla ya kujibu, akitazama uso wa mzazi? Chumba kimoja kilicho safi, chenye mahali pake pa kulala na mtu mzima anayejulikana atakayekuwapo akitoka shule, kinatosha. Nyumba kubwa ambayo mtoto hajui daftari zake zinakaa wapi haitoshi.

Ukiulizwa kuhusu mwenzako, taja udhaifu wake kwa mifano yenye tarehe, na taja pia anachokifanya vizuri. Ukiulizwa kuhusu udhaifu wako, ukiri na ueleze unachofanya kuurekebisha. Unafanya kazi za zamu ya usiku? Sema nani anabaki na mtoto, na kama inawezekana mtu huyo awepo aonane na afisa.

Hatua ya 8: Iache sauti ya mtoto iwe yake

Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kusikilizwa katika shauri linalomhusu, mwenyewe au kupitia mwakilishi. Maoni yake hupewa uzito kulingana na umri na upevu. Kusikilizwa si kuamua: mtoto hapigi kura, wala hapaswi kubebeshwa mzigo wa kuchagua kati ya watu wawili anaowapenda. Majaji wengi huongea naye faraghani, bila wazazi.

Mtoto aliyefundishwa hujulikana upesi. Anatumia maneno ya watu wazima, anakumbuka mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa, na sababu zake zinafanana neno kwa neno na kiapo cha mzazi mmoja. Mtoto anayesema yake husema vitu kama "nikilala kule sisikii shangazi akikoroma" au "nataka kubaki na mdogo wangu." Kauli ya namna hiyo, hata ikiwa haikupendelei, iheshimu.

Mwambie kabla ya siku hiyo: kuna mtu atakuuliza unaendeleaje, sema unachojisikia, hakuna jibu baya, na sisi wakubwa ndio tutakaoamua. Basi. Akirudi usimhoji.

Hatua ya 9: Siku ya kusikilizwa

Fika mapema, zima simu, usimlete mtoto isipokuwa mahakama imemwita. Jibu ulichoulizwa. Mwite mwenzako kwa jina lake, au "baba yake", "mama yake", kamwe si "huyo mtu." Ukiulizwa unapendekeza mwenzako amwone mtoto lini, uwe na jibu lenye siku na saa. Mzazi anayejibu "akitaka aje tu" anaonekana hajafikiri, na anayejibu "simtaki" bila kutoa sababu anaonekana amefikiria nafsi yake.

Wakili wa upande wa pili atakuchokoza. Ndiyo kazi yake, na hakimu anatazama unavyochokozeka, kwa sababu mtoto naye atakuchokoza siku nyingi.

Hatua ya 10: Amri ikishatoka

Isome mstari kwa mstari na wakili wako kabla ya kuondoka mahakamani, hasa siku, saa, mahali pa kukabidhiana na tarehe ya malipo ya kwanza. Peleka nakala shuleni na kliniki ili wajue nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Usipoikubali, muda wa kukata rufaa huwa mfupi na huanza kuhesabika mara moja, lakini rufaa pekee kwa kawaida haisimamishi amri. Kusimamisha utekelezaji huombwa peke yake. Kuivunja amri kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuidharau mahakama.

Mkabidhiane bila mjadala. Begi lenye sare, dawa na daftari za kazi za nyumbani, salamu fupi, basi. Yaliyobaki yaandikeni kwa ujumbe mtoto akiwa hayupo.

Amri ya mtoto haifungwi milele. Mzazi akihama mji, akioa au kuolewa tena, akipoteza kazi, au mtoto mwenyewe akikua na mahitaji yake yakabadilika, yeyote kati yenu anaweza kuomba amri irekebishwe, mradi aonyeshe mabadiliko ya kweli tangu ilipotolewa. Ndiyo maana lile daftari la tarehe ni vema uendelee kuliandika, na makubaliano yoyote mapya mnayoafikiana njiani, hata ya kubadilishana wikendi moja, yawe na ujumbe wa maandishi unaoyathibitisha.